Fundi Aliyesahauliwa Baina ya Robota na Kiwanda

Kila unapokaribia uchaguzi au wakati wa bajeti, mjadala wa mitumba hufufuka nchini mwetu kama kwamba haukupata kuzikwa. Mwezi wa Juni 2022 ulifufuliwa na Bw. Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, alipozindua manifesto yake na kusema kwamba Wakenya wavaa nguo za watu waliokwisha kufa huko ng'ambo. Masokoni pakawa hapakaliki, na haukupita muda yakalazimika maneno yale kufafanuliwa upya. Agosti 2023 ikawa zamu ya majirani zetu wa Uganda. Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba atazipiga marufuku nguo hizo, naye pia akataja habari za Mzungu afaye na nguo zake zikakusanywa kuletwa Afrika. Neno lenyewe si geni. Wenzetu wa Tanzania waliziita kafa ulaya tangu zamani, na hakuna aliyehitaji manifesto kumweleza maana yake.

Katika mjadala huu huwa pana kambi mbili. Ya kwanza yasema: tufunge mlango, mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu. Ya pili yasema: mkifunga mlango mtatuvua nguo, na mtawanyang'anya riziki maelfu ya mama na vijana wauzao Gikomba na Kongowea. Kila kambi ina hoja zake, na mimi sikukusudia leo kuwa kadhi wa kuamua baina yao. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba wote wawili wanalitazama robota tu, huyu akilitaka lirudi lilikotoka na yule akitaka lifunguliwe. Hakuna amtazamaye mtu aketiye hatua tano kutoka pale robota linapofunguliwa, mguu wake juu ya pedeli ya cherehani, mkasi mkononi, na utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Huyo ndiye fundi, naye ndiye alichukuaye vazi la mtu mwingine, la nchi nyingine na la umbo jingine, akalifumua na kulishona tena hata likawa nguo ya mwenye kulivaa hapa.

Kazi hiyo twaiita kurekebisha. Na kwa kuwa twaiita kurekebisha, twailipa kama marekebisho.

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini fundi akishaimaliza kazi yake, nguo ile si ya kuazima tena. Amekata, amepima, ameunga, ametia mshono wake. Mwenye kulitilia shaka jambo hili na atazame historia ya pwani yetu, maana kazi hii haikuletwa na mitumba.

Mapema katika karne ya 16, Mreno mmoja aitwaye Duarte Barbosa aliandika habari za miji ya Bahari ya Hindi. Alipofika kwenye habari za Sofala, kule Msumbiji ya leo, aliandika jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa ushonaji alijue. Alieleza kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wakilima pamba yao na kufuma nguo nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo, au hawakujua kuitia. Basi walikuwa wakinunua nguo za buluu na za rangi zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma tena nyuzi zile pamoja na nyuzi zao nyeupe. Wakapata nguo za rangi, na nguo hizo wakaziuza kwa dhahabu nyingi.

Tafadhali msomaji, itafakari habari hiyo. Hapa pana nguo iliyokwisha kufumwa na fundi wa Bara Hindi, ikavuka bahari, ikafika ikiwa bidhaa kamili. Akaja fundi wa pwani akaivunja, akaifanya malighafi, akaunda kitu ambacho Cambay haikukiunda. Na aliyeinunua hakusema kuwa hii ni nguo ya Kihindi iliyorekebishwa. Aliilipa dhahabu.

Habari ya pili iko karibu nasi zaidi, nayo ni ya leso. Kabla ya kuwa na leso tuijuayo leo, wanawake wa pwani walivaa merikani, ile bafta nyeupe isiyotiwa dawa, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na majahazi ya Salem. Walivaa pia kaniki, ambayo ni bafta iliyotiwa rangi ya nili. Mnamo mwisho wa karne ya 19, wasimulizi wa Unguja na wa Mombasa wote husema, wanawake walianza kununua vile vitambaa vya mkononi vya mraba ambavyo Wareno waliviita lenço, nasi tukaviita leso. Vilikuwa vikiuzwa kwa jora, havijakatwa. Mwanamke akinunua vitambaa sita, akivikata vitatu vitatu, akiviunga safu mbili, apate vazi moja pana. Hapo ndipo lilipopatikana vazi jipya. Wafanyabiashara walipoona namna wanawake walivyobuni, wakaagiza nguo ya kipande kizima yenye sura ile ile, ikiwa na pindo na mji wake. Baadaye ikaongezwa jina, yaani yale maandishi, mwanzo kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kizungu. Katika mtaa wa Biashara Street hapa Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ndilo lililoipatia sifa leso yetu kwa chapa ya Mali ya Abdulla.

Chapa ya mwenye duka twaijua mpaka leo, na jora lililetwa na nani twaweza kulitafuta tukalijua. Lakini yule mwanamke wa kwanza aliyekata na kuunga, yeye hana jina katika kitabu chochote. Ndiyo desturi yetu. Twamkumbuka mwenye kitambaa na mwenye duka, na sindano tunaisahau.

Nije sasa kwenye kazi yenyewe, kwa sababu naamini wengi wanaoidharau hawajapata kuketi wakaitazama.

Siku moja mwaka huu niliketi asubuhi nzima katika kibaraza cha fundi mmoja mzee wa hapa Mombasa. Sitamtaja jina kwa kuwa alinisihi nisimtaje, na kodi ya kibaraza anajua yeye na mwenye nyumba. Nilipomwamkia aliniitikia huku macho yake hayajatoka kwenye kazi. Alikuwa na shati la kiume la pamba, la mikono mirefu, la mtu mnene mno. Kola yake ilikuwa imechakaa pale inapogusana na shingo. Mimi ningelitupa. Yeye alichukua wembe akaikata nyuzi moja ya mshono, akaivuta, akaiondoa kola nzima bila kutoboa. Kisha akaigeuza, upande uliochakaa ukaenda ndani na ule ambao haukupata kuona jua ukaja nje, akairudishia. Kola ikawa mpya. Kazi ile huitwa kugeuza kola, na baba zetu waliokuwa makarani waliijua vizuri, maana shati moja lilikuwa na maisha mawili.

"Mzee wangu," nikamwuliza, "hii yalipwa kiasi gani?"

"Maalim," akanijibu, "hii hailipwi. Hii naambiwa, nipigie mshono mara moja nipite nikachukue."

Shati la pili hakuligeuza kola. Alilifumua lote. Mgongo wa shati la mtu mnene una kitambaa cha kutosha gauni la mtoto wa miaka mitano, na mikono yake yatoa mikono ya gauni hilo na mfuko. Kile kipande chenye vifungo hukiacha kama kilivyo, kikawa mgongo wa gauni, na vitundu vya vifungo vimekwisha kutengenezwa. Nilimwona akikiinua kila kipande kwenye mwanga kabla ya kukikata. Alikuwa akitazama mkao wa nyuzi, maana nguo ikikatwa kinyume cha nyuzi zake hupinda ikifuliwa mara ya kwanza. Halafu akatazama palipochuja rangi, kwenye mabega na viwiko, akaziweka sehemu hizo mahali ambapo zitafichwa na pindo. Fundi ashonaye kitambaa kipya huanza na uwanja mtupu, akakata apendavyo. Huyu huanza na uwanja uliokwisha kujengwa na mtu mwingine, wenye mifuko, mishono, madoa na matobo, na ndani ya vizuizi hivyo vyote ni lazima apate gauni. Mimi ni mtunzi wa mashairi ya kufuata vina na mizani, najua kidogo habari ya kufanya kazi ndani ya mipaka uliyowekewa, na nilivua kofia.

Kazi hii basi ni ngumu kuliko kushona kipya. Tena huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kufumua pekee ni nusu ya kazi. Na malipo yake ni ya chini kuliko ya kushona kipya. Mteja husema, kitambaa ni changu, tena ni cha mtumba nilichonunua kwa bei ya fagia, sasa wewe wanitoza nini? Akisema hivyo, apimapo ni thamani ya kitambaa peke yake, na ujuzi hauko kwenye hesabu. Hapo ndipo lilipo shina la shauri hili.

Chuoni, tulipokuwa wadogo juu ya mkeka, tulisimuliwa habari za Sayyidna Umar, aliyekuwa khalifa wa dola kubwa, kwamba alitoka mbele ya watu na kanzu yenye viraka. Tuliambiwa hivyo ili tujue kuwa kiraka si aibu. Nashukuru kwa somo hilo. Lakini nikiwa mtu mzima nimeona kwamba tumejifunza nusu yake: tumejua kwamba kiraka si aibu kwa mwenye kukivaa, hatujajua bado kwamba kukishona ni kazi yenye haki ya ujira.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wanalizungumza na wanasiasa hawalijui. Robota la leo si robota la mwaka 1995.

Mitumba ilipoanza kumiminika mapema katika miaka ya 1990, baada ya milango ya biashara kufunguliwa, ndani ya robota mlikuwa na suti za sufi, mashati ya pamba nzito, makoti yenye bitana ya kweli. Nguo hizo zilikuwa zimeshonwa na watu waliotarajia kwamba siku moja zitapanuliwa au zitapunguzwa. Ukiifumua suruali ya suti ya zamani unakuta akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa nyuma, vidole viwili au vitatu, imewekwa makusudi kwa ajili ya siku ambayo mwenyewe atanenepa. Ifumue suruali ya leo. Akiba hakuna, kitambaa kimekatwa kikomo chake na kufungwa kwa uzi wa mashine, ukiufumua kinakumunyuka chote mikononi mwako. Ameokoa kitambaa kidogo yule mwenye kiwanda, akamwondolea fundi wa pili nafasi ya kufanya kazi.

Na kitambaa chenyewe kimebadilika. Mwanzoni mwa karne hii poliesta iliipita pamba ikawa ndiyo inayotumiwa zaidi duniani kutengenezea nguo. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, ni jamaa wa chupa ya plastiki. Mafundi wana mtihani wao wa zamani: huchomoa uzi mmoja wakauwasha kwa kiberiti. Ukiwa ni wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Ukiwa ni wa plastiki huyeyuka, hujikunja, na ukipoa huacha punje ngumu nyeusi. Yule mzee aliniwashia nyuzi nne kutoka nguo nne za robota lililofunguliwa wiki ile. Tatu zilikuwa punje.

Nguo za namna hiyo, zikichanika, hazina thamani ya kufumuliwa. Hazinywi jasho katika joto letu la kaskazi, hazikubali pasi ya makaa, na hazikai mkunjo. Basi mwisho wake ni jaani. Tazama kingo za Mto Nairobi karibu na Gikomba utaona zilikofika. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na Institute of Economic Affairs ya Nairobi pamoja na chama cha wafanyabiashara wa mitumba ilieleza kwamba mwaka 2019 Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba. Ukizigawa kwa robota la kilo 45, ambalo ndilo la kawaida, yapata marobota zaidi ya milioni 4. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hili la usufi na la pamba lilikuwa linabebeka. La plastiki limekuwa zito hata kwa wale wanaolipenda.

Sidhani hali itapungua upesi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zimetakiwa na sheria yao zikusanye nguo zilizotumika mbali na takataka nyingine. Ni sheria njema kwao, na sababu zake nazifahamu. Lakini nguo zikikusanywa zitapelekwa mahali, na Kilindini si mbali na bahari yoyote.

Sasa mtu ataniuliza: basi si bora kufunga mlango? Jambo hili lilikwisha kujaribiwa, na tulivyoshindwa kuna mafunzo. Mwezi Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua mpaka ifikapo 2019. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao kwamba kazi 40,000 zao zitapotea. Marekani ikaanza kuuchunguza upya mpango wa AGOA, ambao ulianza mwaka 2000 ukaziruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya ilikuwa na viwanda vishonavyo kwa ajili ya soko hilo, pale Athi River na hapa Mombasa, ikajitoa katika azimio mwaka ule ule wa 2017. Rwanda peke yake ilishikilia. Ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo bila ushuru.

Wakati wa korona tulifunga mlango bila kuulizwa na mtu. Machi 2020 mitumba ilisimamishwa kwa kuhofia maradhi, Agosti mwaka ule ule ikaruhusiwa tena. Katika miezi ile, viwanda vyetu havikufufuka kwa muujiza. Kiwanda hakifufuliwi kwa kumwondolea mshindani siku mia. Kisumu kilikuwako KICOMI, Nanyuki kilikuwako Mountex, Eldoret kilikuwako Rivatex. Vilipofungwa, ukulima wa pamba nao ukafifia, na hapa kwetu pwani twaikumbuka pamba ya Lamu na ile ya Hola na Bura. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikafunguliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mitambo mipya. Ni jambo la kupongezwa. Lakini kiwanda hutengeneza kitambaa, na kitambaa hakivaliki mpaka apatikane mtu wa kukikata. Akifa fundi kwa njaa tukiwa twangojea kiwanda, kitambaa hicho atakishona nani? Au tutaagiza na fundi kutoka ng'ambo?

Wako waliolifahamu jambo hili mapema kuliko sisi. Kule Kampala, mbunifu Bobby Kolade alianzisha mwaka 2022, chini ya jina la Buzigahill, mavazi aliyoyaita "Return to Sender", yaani irudishwe kwa aliyeipeleka. Hununua mitumba ya Kampala, huifumua, huikata, huiunganisha vipande vipande na kuwauzia watu wa nchi zile zile zilikotoka nguo. Nimeona picha za kazi hizo. Baadhi yake hazinipendezi, nasema kweli. Koti la mikono minne halina mtu wa kulivaa mtaani kwetu. Lakini hesabu yake ni sahihi, na ndiyo hesabu ya Sofala: kitu kilichokuja kikiwa chakavu kinarudi kikiwa na bei, na tofauti ya bei hizo mbili ni kazi ya mkono wa fundi.

Nairobi na Mombasa nako vijana wengi wamejitokeza. Watengeneza mikoba ya jinzi kuukuu, majaketi ya blanketi, magauni ya mashuka na mapazia ya zamani. Wana madirisha ya vioo na wana chapa. Nawatakia kheri. Swali langu kwao ni moja tu: nyuma ya chapa hiyo ameketi nani? Mara nyingi kijana mwenye chapa huchora, akampelekea kazi fundi wa kibarazani, akamlipa kwa kipande, kwa bei ile ile ya kurekebisha. Nguo ikauzwa katika duka la hoteli kwa bei ambayo fundi akiitajiwa hudhani ni mzaha. Kwa hiyo tumelibadilisha jina la kazi dukani, kibarazani jina limebaki lile la zamani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kidonda ni cha nani?

Nami kama mtu wa pwani nina neno la pembeni kuhusu leso. Siku hizi leso kuukuu nazo zatafutwa, hasa zile za miaka ya zamani zenye pamba nzito, wakazikata magauni na mashati. Sikatazi. Leso haijawahi kuwa msahafu: huanza kuvaliwa arusini, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko ya mtoto, ikamaliza umri wake ikiwa tambara la kupangusia, na katika safari hiyo hakuna aliyeilia. Lakini leso ina jina, na jina ni maneno, na maneno yana mwanzo na mwisho. Mkasi usiojua kusoma hukata palipo na maana. Nimemwona bibi mmoja mgeni, mwenye heshima zake, kwenye baraza ya hoteli, amevaa sketi ya leso ambayo jina lake zima lilikuwa "Mchimba kisima huingia mwenyewe". Fundi alikata nusu ya kwanza. Yaliyobaki, yameandikwa kwa herufi kubwa nyuma ya sketi, ni "huingia mwenyewe". Wapita njia walikuwa na furaha kubwa siku ile. Fundi wetu wa kibarazani asingalifanya kosa hilo, kwani yeye huisoma leso kwanza, kisha huamua jina likae kifuani au kwenye pindo la chini, zima.

Nitaje na Ufaransa, kwa kuwa wapenda maendeleo yetu hawasikii mpaka litajwe jina la Ulaya. Mwaka 2023 Wafaransa walianzisha mpango wa kumsaidia mwananchi apelekaye nguo au viatu kwa fundi badala ya kuvitupa. Mteja alipunguziwa baina ya yuro 6 na yuro 25 kwa kazi moja, kutegemea ugumu wake, na fundi aliyejiandikisha akalipwa tofauti hiyo kutoka mfuko unaochangiwa na kampuni ziuzazo nguo. Wamepima ugumu wa kazi! Kutia kiraka kuna kiwango chake, kubadili bitana kuna chake. Sisi ambao tuna mafundi katika kila mtaa, wenye ujuzi ambao Paris umewapungukia, hatuna orodha hata moja isemayo kugeuza kola ni kazi ya kiasi gani.

Serikali ya kaunti haihitaji mabilioni kulianza jambo hili. Vyuo vya ufundi vifundishavyo ushonaji vyaweza kuongeza somo la kufumua na kukata upya, na likatahiniwa kama somo la kukata kitambaa kipya linavyotahiniwa. Mwenye cheti cha kazi hiyo atakuwa na cha kumwonyesha mteja bei inapobishaniwa. Soko likijengwa, vibaraza vya mafundi vijengwe karibu na wauzaji wa marobota, si ghorofa ya tatu ambako mteja hafiki. Mafundi wenyewe wana chama cha kuzikana; chama hicho hicho chaweza kukaa siku moja kikaandika bei ya chini ya kila kazi, ya gauni lililotokana na shati na ya koti lililotokana na blanketi, na kila kibaraza kikaibandika ukutani. Na vijana wenye chapa, kama kweli wanaithamini kazi ya mkono, waishone karatasi ndogo ya pili chini ya ile yao, iliyoandikwa jina la aliyeshona.

Nilimweleza yule mzee habari hiyo ya karatasi ya jina. Alicheka kidogo. Alinambia kwamba yeye tangu ujana wake hutia alama: ndani ya kila nguo anayoifumua na kuishona upya, kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, huacha nyuzi tatu za rangi nyekundu. Hakuna mteja aliyepata kuziona. Huzitia ili nguo ikirudi kwake baada ya miaka ajue kwamba ameifumua mwenyewe, na pale akiba ya kitambaa ilipobaki.

Wanafunzi aliobaki nao ni wawili. Wa kwanza ameniambia waziwazi kwamba mwisho wa mwaka ataacha, akaendeshe bodaboda. Wa pili ni binti wa miaka kumi na tisa, na siku ile niliyofika, mzee alipokwenda kusali adhuhuri, ndiye aliyelichukua shati la tatu akaanza kuifumua kola yake.